Maiki Ikifika Kwako

Asanteni kwa kunikaribisha. Kina mama mmejaa viti vya mbele, vijana mmesimama mlangoni. Sogeeni ndani, nafasi ipo. Leo tuzungumzie hofu ya kusema mbele ya watu.

Kaunti ikija kusikiliza maoni kuhusu bajeti, mama mboga ndiye anayejua taa za barabarani zilizimika lini. Mwenye kibanda anajua mtaro umeziba wapi. Lakini maiki hushikwa na walewale wawili watatu. Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki katika shughuli zake. Haki hiyo tunaiacha mezani kwa kuogopa macho ya majirani, na jambo hili linaniuma sana.

Hebu tuitazame hofu yenyewe. Ukiitwa jina, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, damu huhama tumboni ikaelekea kwenye misuli, mdomo hukauka, mikono hutetemeka. Wengi hudhani hizo ni dalili kwamba hawana kipaji. Sivyo, ndugu zangu. Mwili unajiandaa kwa kazi. Mwaka 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ambapo baadhi ya watu walijiambia wametulia kabla ya kuhutubia, na wengine wakajiambia wamechangamka. Waliojiambia wamechangamka ndio walioonekana kujiamini na kushawishi zaidi. Kwa hiyo usipigane na moyo wako. Toa pumzi polepole, kisha uanze.

Tena usikariri hotuba nzima, maana neno moja likipotea linaondoka na mengine yote. Shika sentensi ya kwanza na ombi lako: "Naishi kando ya mtaro huu, naomba ufunikwe kabla ya mvua za Machi." Yatosha. Iseme nyumbani ukiwa umesimama, kwa sauti, si moyoni. Halafu zungumza kwenye chama chenu cha akiba, mbele ya watu wanaokujua. Ukizoea, nenda pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, ambapo wana Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida kama sisi, hujadiliana hadharani. Sikiliza kwanza, kisha uombe nafasi. Watakupinga, na hilo nalo ni zoezi zuri.

Sasa tujaribu hapahapa. Tutaanza na walio mlangoni: jina lako, unakoishi, na jambo moja unalotaka kaunti ilitengeneze. Sauti ikitetemeka, endelea tu. Karibu, kijana.