Bati la Mwisho Likishapigiliwa, Wazazi Wako Wapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wenyeviti wa vijiji na watendaji mliofika, walimu wenzangu, wajumbe wa kamati za shule, wazazi wote: wakubwa zangu shikamooni, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu shule zetu ndogo za msingi za vijijini. Nasema zile za watoto 80, 100, pengine 120, zenye walimu wawili au watatu, ambazo mgeni akipita barabara kuu hawezi kujua kwamba zipo. Yako mengi ya kusema juu yake. Mimi leo nimekuja na moja: vijiji vyetu vinajua sana kujenga shule, ila kuishi nayo baada ya kuijenga bado hatujui vya kutosha.

Nianze na huo ujenzi, maana unastahili heshima. Novemba 1974 TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati ule, ilikutana Musoma ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Haikuwepo nchi tajiri iliyotujengea madarasa hayo. Matofali yalifyatuliwa na wanavijiji, mchanga na maji vikabebwa na akina mama, na wengi walioingia kufundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakisomea ualimu huku wameshika chaki. Humu ndani wamo waliofundishwa na walimu wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, nami ni mmoja wao. Nawashukuru mpaka kesho.

Hadi leo shule nyingi ndogo huzaliwa vivyo hivyo. Kitongoji kiko mbali, katikati kuna mto, na masika ukijaa watoto wadogo hawavuki. Wazazi wanakaa, wanakubaliana, wanachanga, wanachimba msingi, wanainua vyumba viwili. Hapo inaanza shule shikizi, chini ya uangalizi wa shule mama, ikiwa na awali na darasa la kwanza na la pili, na wakikua wanahamia kule ng'ambo wakiwa na miguu ya kuvukia. Mwaka 2021, zilipokuja fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, za kukabiliana na athari za UVIKO-19, nchi ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hivyo vikaenda kwenye shule shikizi. Wananchi ndio waliokuwa wameshaonyesha, kwa maboma yao, yaani kuta walizoinua zikingoja kuezekwa, ni wapi watoto wanataabika.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba wanakijiji hawaipendi elimu. Wanaipenda, na wameilipia kwa migongo yao.

Shida yangu inaanza siku bati la mwisho linapopigiliwa. Siku ile kuna ngoma, kuna viongozi, kuna picha. Kesho yake kila mtu anarudi shambani, na shule inabaki mikononi mwa mwalimu mkuu na wenzake wawili. Mzazi atarudi shuleni akiitwa kwa sababu mwanawe kapigana, au siku ya mahafali ya darasa la saba. Kati ya siku hizo mbili hayupo. Tena ukimuuliza anakujibu kwa nia njema kabisa: mwalimu, si serikali imesema elimu ni bure?

Hilo jibu nataka tulitazame vizuri. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, ukafuata MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na watoto wakafurika madarasani. Michango ikarudi kwa milango ya pembeni, mpaka ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na kuanzia Januari 2016 elimumsingi ikawa bila ada wala michango ya lazima. Mwaka huohuo wa 2016 ukatoka waraka mwingine, Namba 3, kueleza nani afanye nini, na humo mzazi hakufutwa. Sare ni yake, madaftari na kalamu ni vyake, chakula cha mtoto wa kutwa ni chake, matibabu ni yake. Nimeona ofisi nyingi za shule zenye waraka ule kwenye faili. Nyumba ya mzazi iliyowahi kuusikia ukisomwa sijaiona. Wenyeviti, usomeni kwenye mkutano. Ni kurasa chache tu.

Na sasa niseme jambo ambalo wazazi wa shule ndogo hawaelezwi. Fedha ya uendeshaji inayotoka serikalini huhesabiwa kwa kichwa cha mtoto. Hesabu iliyowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 ya vitabu inabaki juu, na 6,000 inakwenda kwenye akaunti ya shule, yaani 500 kwa mwezi. Shule ya mjini yenye watoto 900 ina shilingi 450,000 za mwezi. Shule yenu ya watoto 90 ina 45,000. Hebu fikirini: kitasa kikivunjika, fundi wa shule ndogo anapunguza bei? Upepo ukiezua mabati mawili, mabati ya shule ndogo yana punguzo? Nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri ni ileile, na mara nyingi ni kubwa zaidi, kwa kuwa ninyi ndio mlio mbali. Shule ndogo ina gharama nyingi zilezile za shule kubwa, na fungu lake ni sehemu ya kumi. Mimi naamini hesabu hii ingepaswa kuwa na kiwango cha chini ambacho hakuna shule inayopata pungufu yake, hata ikiwa na watoto 60, na nimelisema hilo kila nilipopewa nafasi. Lakini mpaka itakapobadilika, pengo linazibwa na kijiji, au halizibwi.

Hapo mtanidhania nimekuja kuomba pesa. Sikuja kwa hilo. Nataka tuangalie siku moja ya shule, tangu asubuhi, muone wenyewe ni wapi mtu mzima anakosekana.

Saa moja kasoro kiranja anagonga kengele, ambayo ni rimu ya gari imening'inizwa mwembeni. Watoto wanafagia, wanamwagilia maua, wanajipanga mstarini. Mwalimu wa zamu anatazama kucha na sare. Wanaingia darasani. Walimu ni wawili, mwenzao kaitwa semina. Chumba kimoja kina darasa la kwanza na la pili: hawa wametazama ubao wa mbele, wale wa nyuma, na mwalimu anatembea katikati. Akiwageukia wa kwanza kuwafundisha silabi, wa pili wanafanya hesabu peke yao. Nimewaona walimu wakiifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa, na haijaandikwa popote kwamba wanastahili pongezi. Basi leo nawapongeza.

Mwalimu anaita mahudhurio. Hamsini na wawili wapo, kumi na mmoja hawapo. Nani anajua walipo? Mwalimu hajui, yeye ni mgeni, anakaa chumba cha kupanga kwa mzee fulani. Balozi wa nyumba kumi anajua. Bibi anayeuza vitumbua njia panda anajua, kawaona wawili wakienda kufukuza ndege kwenye mpunga. Mjumbe wa kitongoji anajua kwamba yule wa darasa la tano mama yake kajifungua na ndiye anayelea. Habari zote za utoro ziko kijijini, ila daftari liko shuleni, na vitu hivi viwili havikutani. Kijiji kinachotaka kukomesha utoro kimteue mtu mmoja kila kitongoji, siku ya Ijumaa apitie daftari na mwalimu mkuu, majina matano au sita, kisha awatembelee wazazi jioni. Haigharimu shilingi. Na aende kwanza kuuliza kuna nini nyumbani, maana ukianza na vitisho vya mtendaji mtoto atafichwa.

Saa nne ni mapumziko. Hapa nitakaa kidogo.

Mtoto wa vijijini ameondoka nyumbani alfajiri, ametembea kilomita tatu, nne. Wengi hawajanywa hata chai. Ikifika saa tano macho yamelegea, na mwalimu anadhani ni mzito wa kuelewa. Ni njaa! Chakula shuleni ni sehemu ya kufundisha, sawa na chaki. Na chakula ndicho jambo ambalo kijiji kinaliweza kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mahindi na maharage yako kwenu. Msiwadai wazazi fedha mwezi wa pili, wakati maghala ni matupu. Kubalianeni msimu wa mavuno, kila kaya itoe debe zake, ziwekwe stoo ya shule, funguo mbili: moja kwa mwalimu, moja kwa mzazi wa kamati. Iandikwe kila siku zimetoka kilo ngapi na wamekula wangapi, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Uji wa saa nne ukianza, mahudhurio yanapanda bila fimbo ya mtu yeyote. Walimu waliopo hapa watanishuhudia.

Na yule ambaye baba yake hakutoa debe? Naomba mnielewe hapa kuliko mahali pengine popote. Mtoto asisimamishwe pembeni huku wenzake wanakula. Deni ni la mkubwa, lizungumzwe na mkubwa, jioni, kwa staha. Kijiji kinajua nani ni mjane, nani ni mgonjwa, nani analewa tu. Wa kwanza wabebwe. Wa mwisho mzee wa ukoo wake aseme naye.

Kuhusu kuni na maji, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Mtoto aje na madaftari. Kumwagilia mche aliopanda, kujifunza kilimo katika shamba la shule, hayo ni elimu, na Mwalimu Nyerere aliyaeleza vizuri mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kumtuma msichana wa darasa la sita maji ya nyumbani kwa mwalimu wakati wa kipindi si elimu hata kidogo. Wazazi walime shamba la shule siku moja ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watoto wapalilie kwa somo. Akina baba walete mkokoteni wa kuni kwa zamu.

Vyoo nitavipitia haraka, kwa kuwa kanuni iko wazi: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Hesabuni mkifika nyumbani. Na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kando yake, chenye maji na sabuni, kinatengenezwa kwa dumu, kamba na kijiti. Msichana aliyevunja ungo anahitaji chumba chenye mlango unaofungwa. Asipokipata, siku zake atazikalia nyumbani kila mwezi, na ndipo mnaposhangaa kwa nini ameshuka darasani.

Sasa mwalimu. Kijana ametoka chuoni, kapangiwa kwenu, ameshuka kwenye bodaboda na begi moja. Wiki yake ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atakaa au ataanza kutafuta uhamisho. Shule kubwa ikimpoteza mwalimu mmoja inapanga upya ratiba. Yenu ikimpoteza mmoja, madarasa mawili yamekaa bila mtu. Mpokeeni. Mpeni chumba chenye mlango wa kufunga, mkulima mmoja amkatie kipande cha kulima, akina mama wamwonyeshe kisima. Nyumba ya mwalimu, mkiwa na nguvu ya kujenga kitu kimoja tu mwaka huu, ningewashauri mjenge hiyo kabla ya chumba kingine cha darasa.

Nimalizie na fedha na vikao, maana humo ndimo ugomvi wa kijiji na shule unamozaliwa. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango. Walimu wengi waliogopa, hata uji ukasimama kwenye shule ambazo wazazi walikuwa wakiuchangia kwa ridhaa. Mimi niliona upande mmoja mwema: mwalimu ametolewa kwenye kazi ya kudai, amerudishiwa heshima yake. Lakini kazi ile ikabaki bila mwenyewe, na mwenyewe ni serikali ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Humo ndimo pa kukubaliana, kwa mikono iliyonyooshwa na muhtasari ulioandikwa. Kinachokubaliwa kiwe cha hiari, kiwe na kiasi, kiwe na tarehe ya kwisha.

Mwalimu mkuu, wewe nawe bandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, hata kama ni hizo 45,000. Bandika hasa kwa sababu ni hizo 45,000. Mzazi akiona kwa macho yake kwamba fedha yote ya mwezi ni ndogo kuliko bei ya mbuzi, hatakuuliza tena zinakwenda wapi. Atakuuliza kimepungua nini.

Na kamati ya shule isiwe ya kutia saini. Mwenyekiti wake asome kabla hajasaini. Kama hasomi vizuri, asomewe kwa sauti mbele ya wajumbe wote, wala si aibu. Chagueni humo akina mama ambao watoto wao wako darasa la kwanza au la pili, kwa sababu wana miaka mingi mbele na shule hiyo, na wao ndio wanaojua mtoto ameondoka nyumbani na nini tumboni.

Wenyeviti, mkutano mkuu ujao wa kijiji chenu uwekeeni ajenda tatu za shule, na mziweke mwanzoni kabla watu hawajaanza kuondoka: debe za mavuno ya mwaka huu, watu wa kupitia daftari la mahudhurio kila kitongoji, na chumba cha mwalimu. Mengine yatafuata.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Naona akina mama wa benchi la nyuma wameshanyoosha mikono, Mwenyekiti. Naomba tuanze maswali na wao.