Ngome Iliposhikwa na Watu wa Faza

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu wa Mji wa Kale, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimealikwa kuzungumza juu ya Fort Jesus, ngome yetu ya Mombasa, kama nyumba ya makumbusho ya pwani yetu, nami sitawarudisheni kwa Mfalme Filipe wa Ureno na amri yake ya mwaka 1593 ya kuijenga, kwa kuwa kila aliyekulia Mombasa ameyasikia hayo tangu utotoni. Nimekuja na jambo lile lile ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema mara nyingi, na nitalisema tena hadi litakapofanyiwa kazi. Tumezoea kuisimulia ngome hii kwa kuhesabu bendera: Mreno aliijenga, Mwomani akaitwaa, Wamazrui, ukoo ulioitawala Mombasa kwa niaba ya Oman, wakajitenga, Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, akaitia mkononi mwaka 1837, Mwingereza akaipiga mizinga mwaka 1875, kisha akaigeuza gereza mwaka 1895. Mtoto akiyakariri hayo kwa mpangilio hupewa alama zote, na bado hajaulizwa ni nani waliokuwa wakiishi, wakiugua na kufa ndani ya kuta hizo.

Tutazame miezi 33 ya kuzingirwa, kuanzia tarehe 13 Machi 1696 hadi tarehe 13 Desemba 1698. Kwa kawaida husemwa kwamba Waomani waliwazingira Wareno, na sentensi hiyo inarudiwa kana kwamba imemaliza habari. Walioingia ngomeni siku zile walikuwa Wareno wachache na mamia ya wenyeji wa pwani, wanaume kwa wanawake, ambao kwa sababu zao walichagua upande huo. Maradhi yaliingia, chakula kikapungua, na wanajeshi wakafa mmoja baada ya mwingine, hata ilipofika mwisho wa Agosti 1697 akafa pia kamanda wa Kireno aliyekuwa amebaki. Siku hiyo amri ya ngome iliangukia kwa Bwana Daud wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wengine 8 na wanawake 50. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa. Watu 76, wengi wao wanawake, waliishika Fort Jesus mbele ya jeshi la Imamu, mtawala wa Oman, kwa takriban wiki tatu, hadi msaada ulipowasili katikati ya Septemba. Walizipanda ngazi hizi hizi mnazozipanda nyinyi, wakakesha kwenye buruji hizi hizi, na mlango haukufunguliwa. Nimewauliza wanafunzi wa miaka mingi jina la mchora ramani ya ngome, nao hunijibu bila kusita kwamba ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Nikiuliza juu ya wanawake 50 wa mwaka 1697, darasa zima hunyamaza, na ukimya huo hunichoma kila mwaka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Najua atatokea mtu aseme kwamba Bwana Daud alikuwa kibaraka, kwamba alimlinda mgeni dhidi ya Waislamu wenzake, na kwamba watu kama hao hawastahili kusimuliwa mbele ya watoto. Hoja hiyo nimeijibu mara nyingi na sichoki kuijibu. Faza na Pate zimo katika kisiwa kimoja, na uhasama wao ulikuwa mkubwa kabla meli ya Oman haijaonekana Kilindini. Pate ilipoegemea kwa Imamu, Faza haikuona usalama wowote katika ushindi wake. Huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa wa watu waliojua mambo yao, na anayewaita vibaraka aeleze kwanza angefanya nini yeye akiwa Faza katika mwaka ule. Wala simfanyi Bwana Daud shujaa wa kuwekewa sanamu. Nataka ajulikane, kama anavyojulikana Yusuf bin Hassan, Sultani wa Mombasa, ambaye mwaka 1631 aliingia katika ngome hii na kumuua kapteni wa Kireno, baada ya kulelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo. Wote wawili ni watu wa pwani, mmoja alipigana na Mreno na mwingine alisimama upande wake, na historia yetu haikamiliki kwa kumficha yule ambaye hatukumpenda.

Mwingine husema kwamba ngome ni ya kigeni kuanzia jina lake hadi umbo lake. Ni kweli kwamba waashi waliletwa kutoka Goa, lakini nguvu kazi ilitoka Malindi, na jiwe ni la hapa. Shukeni kwenye handaki mtazame jinsi lilivyochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kisha mfikirie mikono iliyochonga mwamba huo chini ya jua la Mombasa. Mabaharia wa Kireno walichora meli na samaki ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, na michoro yao imetunzwa, nami nafurahi kwamba imetunzwa. Mchonga mwamba alituachia handaki zima, na handaki hilo lisomwe kwa uzito ule ule.

Sasa nifike gerezani, nami nitakwenda haraka kwa kuwa muda umekwisha kwenye Faza. Kuanzia mwaka 1895 hadi mwaka 1958, yaani miaka 63, ngome ilikuwa jela. Muda huo ni mrefu kuliko kuzingirwa na maasi yote niliyoyataja ukiyajumlisha. Mwaka 1958 ikatangazwa mahali pa kuhifadhiwa, Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Ureno ukagharimia ukarabati, mwanaakiolojia James Kirkman akachimba na kusimamia kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu wakaanza kuingia kutazama vitu vya miji ya kale ya pwani, Gede, Manda na Ungwana, katika viwanja ambamo miaka michache tu kabla yake wafungwa walikuwa wakihesabiwa. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1958, awe mfungwa, askari jela au mpishi, leo amevuka miaka 80. Mwaka 2011 dunia ilikubali kuiweka ngome katika orodha ya urithi wake. Wazee hawa hawamo katika orodha yoyote, na kila mwezi tunawazika pamoja na wanayoyajua.

Bwana Mwenyekiti amenionyesha saa. Nilikusudia kuzungumza juu ya mawimbi yanayoula mwamba upande wa bahari, na juu ya merikebu ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977, lakini hayo yatangoja. Mwenye babu, bibi au jirani aliyewahi kuingia Ngomeni kabla ya mwaka 1958, kwa mlango wa mfungwa au kwa mlango wa mlinzi, anione hapa mbele kabla hajaondoka. Nina daftari, nina kinasa sauti, na kesho tangu asubuhi niko tayari kumfuata mzee huyo popote alipo.