Tazama sakafu kwanza: tairi za foklifti na kazi zake
(Mhadhara kwa madereva na mafundi wa maghala, Tanga)

Ndugu zangu madereva na mafundi, hamjambo.

Mtu akiniuliza afunge tairi gani, namuuliza kwanza: foklifti yako, hiyo mashine ya kunyanyulia mizigo, inakanyaga wapi? Lori lina springi na shokapu. Foklifti haina. Tairi ndiyo springi yake, na ndiyo inayoizuia isipinduke.

Hapa Tanga, yadi ya bandarini ina kokoto na mashimo ya masika. Hapo tairi za upepo ndizo zinazomwokoa dereva mgongo. Lakini tairi moja ya mbele ikipungua upepo, mlingoti, ile nguzo ya mbele inayoinua mzigo, unalala upande, na robota la mkonge la kilo 250 likiwa juu, mwinamo mdogo wa chini unakuwa mkubwa kule juu. Pimeni upepo asubuhi, tairi ikiwa baridi.

Penye misumari na vyuma chakavu, fungeni tairi ngumu, ile yenye umbo la tairi ya upepo lakini ndani mpira mtupu. Haijui pancha. Adui yake ni joto. Mkiikimbiza kutwa ghala hadi ghala, mpira unachemka ndani na joto halina pa kutokea. Unaoza kutoka moyoni huku nje mnaiona nzima. Nyingi zina mstari wa ukomo ubavuni, ulioandikwa 60J. Kashata zikiisha na mpira ukafika hapo, ng'oeni, tajiri akinuna anune.

Zile za kubandikwa kwa presi, yaani mashine ya kukandamiza, mpira juu ya bangili ya chuma, ni za zege laini ndani ya ghala. Mashine inakaa chini, inakata kona kwenye njia nyembamba. Ikishuka mchangani, imekwama. Za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, ni za mashine za betri: zinabeba uzito mkubwa na kuviringika kwa wepesi, ila sakafu ikilowa zinateleza.

Sasa hizi nyeupe, nazisisitiza. Weusi wa tairi ni kaboni, na kaboni hiyo ndiyo inayopitisha umeme kwenda chini. Tairi nyeupe imeondolewa kaboni ili isichafue sakafu za maghala ya vyakula, na kwa kawaida inaisha upesi kuliko nyeusi. Umeme wa msuguano nao unabaki umejikusanya kwenye mashine. Kwenye ghala la mkonge, lenye vumbi la nyuzi linaloshika moto, cheche moja inatosha. Ukilazimika kuzitumia, funga mkanda wa kupeleka umeme ardhini, na kila wiki uangalie kama bado unagusa sakafu.

Msibadilishe aina ya tairi bila kusoma kibati cha mashine. Uzito wa tairi umo kwenye hesabu ya mzigo inaoruhusiwa kubeba.

Na kwa mafundi: rimu ya vipande, ile ya vipande vilivyounganishwa, inaua ikifunguliwa na upepo ndani. Ng'oa valvu, toa upepo wote, ndipo uguse nati. Wakati wa kujaza, tairi iwe ndani ya kizimba cha chuma, na wewe usimame kando, usiikabili.

Karibuni kwa maswali.