Ukuta Katikati: Kuiimba Nyumba ya Kings Road

Hamjambo nyote. Nitaanza na barua.

Mwaka 1916, binti mmoja aitwaye Pauline Gibling alimwandikia mama yake kwamba anatamani siku moja awe na nyumba ndogo kando ya msitu na milima, lakini karibu na mji wenye watu tele. Nyumba hiyo iwe wazi kwa marafiki wa kila aina, kama mioyo ya watu wengine ilivyo wazi. Pauline alikuwa mtu wa muziki, na aliufundisha pale Hull House, kituo cha kuwahudumia wahamiaji na maskini, Chicago. Mwaka 1922 akaipata nyumba yake barabara ya Kings Road, Los Angeles. Aliyeichora ni mumewe, Rudolph Schindler, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna.

Nyumba hiyo bado imesimama, na kila nikiifikiria naona opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Ila naiona opera itakayochezwa mlemle ndani, kwa sababu nyumba yenyewe ina sauti.

Kuta zake zilimiminwa zege zikiwa zimelazwa chini, zilipokauka zikainuliwa zikasimamishwa. Kati ya bamba moja na jingine uliachwa mwanya mwembamba, ukatiwa kioo. Upande wa bustani ni mbao, vioo na turubai. Mwimbaji akielekea ukutani, sauti yake inamrudia mwenyewe. Akisukuma mlango wa turubai, sauti yote inatoka nje. Mwongozaji anataka nini zaidi? Chumba cha kulala hakuna. Walipanga kulala juu ya paa, kwenye vibanda vya wazi walivyoviita vikapu. Wakazi wa kwanza walikuwa wanne: Pauline na Rudolph, pamoja na rafiki zao Clyde na Marian Chace. Kila mtu alipewa chumba chake cha kazi, na jiko likawa moja. Lakini tazameni: vyumba viligawanywa sawa kwa sawa, halafu zamu za jikoni zikawaangukia wanawake wawili. Onyesho la kwanza ningeliweka hapo jikoni, moto ukiwaka.

Akina Chace waliondoka 1924. Mwaka uliofuata akaja Richard Neutra, naye msanifu kutoka Vienna, na mkewe Dione. Sasa sikilizeni: Dione alikuwa anapiga selo, ile fidla kubwa ya kukaliwa, huku akiimba. Okestra ya nini? Mwekeni mwanamke na selo yake kwenye chumba cha zege, na nyumba nzima itajua yuko wapi. Miaka ya 1930 alipita hapo pia John Cage, mtunzi wa muziki, kijana wa ishirini na kitu ambaye yeye na Pauline walipendana kwa muda. Nawaomba watunzi msimvishe umaarufu alioupata baadaye. Pale alikuwa bado anatafuta njia.

Pauline alikuwa ameondoka 1927 na mtoto wao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alirudi, lakini akakaa upande wa pili wa nyumba. Mume huku, mke kule, paa moja. Upande wake akaupaka rangi ya waridi, wakati Rudolph alitaka zege libaki zege na mbao zibaki mbao. Wakawa wanaandikiana barua. Sisi wa pwani tunawajua watu wa nyumba moja walionuniana, wakaziachia kanga ziseme. Hawa waliiachia karatasi, na kiini cha opera yangu ni hapo.

Kwa hiyo watazamaji ningewagawa. Nyumba ina nyua mbili, kila mmoja umeelekea upande wake. Nusu wakae kwa Rudolph, nusu kwa Pauline. Utamwona mmoja na kumsikia vizuri. Wa pili utamsikia kwa kupitia ukuta, neno hili likufikie, lile likupotee. Najua mtu aliyelipa tiketi atataka wabadilishane katikati. Nisingekubali. Wale wawili hawakubadilishana.

Kuna tukio ambalo kila mtunzi atalikimbilia. Schindler na Neutra walikuwa wamefarakana, chanzo kimojawapo kikiwa mteja wao Philip Lovell. Mwaka 1953 walijikuta wamelazwa hospitali moja, chumba kimoja, Schindler akiwa karibu na kufa, wakazungumza tena. Kisa hiki kinanigusa sana. Hata hivyo ningekiacha nje, kwa kuwa hakikutokea ndani ya kuta hizi, na nikishatoka nje mara moja ukuta hautakuwa na nguvu tena.

Rudolph alikufa mwaka huohuo. Pauline akaishi hapo mpaka alipofariki 1977, miaka 24 zaidi. Onyesho ningelianza jua linapozama, ili tufike hapa giza limeshaingia. Taa iwake upande wa waridi peke yake. Pauline aimbe ile barua ya 1916, yote, bila ala, akiwa amekielekea chumba. Waliokaa uwanja wa Rudolph watakuwa wanatazama vyumba vitupu visivyo na taa, na sauti yake itawajia kwa kupitia zege na ile mianya ya vioo. Nao wakae hivyo hivyo gizani mpaka amalize.