Mji Ukipanuka, Hesabuni Makutano

Ndugu washiriki, upanuzi wa mji huwa tunaupima kwa hekta. Leo naomba tuupime kwa makutano.

Chukueni ramani ya mtaa. Njia panda yenye njia nne ipeni 4, yenye tatu 3, na njia inapoishia ipeni 1. Kona tupu haihesabiwi. Jumlisheni, kisha gawanyeni kwa idadi ya vituo, yaani makutano na miisho yote mliyohesabu. Katika vituo 100, vikiwa 40 vya njia nne, 40 vya tatu na 20 vya mwisho wa njia, wastani ni 3.0. Vikiwa 10, 50 na 40, wastani unashuka hadi 2.3, na hapo kumfikia jirani aliye nyuma ya ukuta wako huenda ukalazimika kutokea barabara kubwa. Ila kagueni ramani ya kompyuta kwanza: mistari miwili yaweza kuonekana imegusana na isiwe na nukta ya pamoja, ikahesabiwa miisho miwili.

Tazameni Dar es Salaam. Mitaa ya Kariakoo ilipangwa kwa mistari inayokatana enzi za Wajerumani. Nyumba za udongo zimeondoka, maghorofa yamepanda, mistari imebaki. Nyumba hubomolewa, njia haihami kirahisi.

Sasa nendeni pembezoni. Shamba linauzwa vipande vipande, na muuzaji anaacha njia ya kufikia kiwanja cha mwisho, basi. Wa shamba la pili naye hivyo hivyo. Njia mbili zinatazamana, kati yake ukuta. Penye bonde ni shida zaidi, maana kivuko hakuna muuzaji atakayekigharamia peke yake. Safari zote zinamiminikia Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo, halafu tunalaumu wingi wa magari! Urasimishaji, yaani kupima na kutambua viwanja vilivyokwisha kujengwa, unaokuja baadaye mara nyingi huchora tu njia zilizokwisha kuwapo.

Kazi ifanyike kabla ya bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja: serikali ya mtaa iwakutanishe wenye mashamba yanayopakana, njia zao zikutane mpakani, upana wa mita 6 gari la taka lipite. Ikishindikana, hata mita 2 za waenda kwa miguu.

Palipokwisha kujengwa, orodhesheni jozi za miisho ya njia inayotazamana. Kwa kila jozi, gawanyeni umbali wa kutembea kwa umbali wa mstari mnyoofu. Kati ya makutano ya gridi kamili, yaani mistari inayokatana sawasawa kama ya Kariakoo, uwiano huo hauzidi takriban 1.41. Jozi yenye mita 30 kwa mstari na mita 900 kwa miguu ina uwiano wa 30: fidia ya kufungua njia ianzie kwenye ukuta huo.