Kompyuta ya gemu kwa pesa za mwanafunzi: hesabu yangu ya Ujerumani, kwa mnaoniuliza kutoka Pemba na Unguja

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Pemba, wa Unguja na popote mlipo. Video hii sikuipanga. Tangu siku ile chumba changu kilipoonekana na kompyuta yenye taa ikiwa nyuma yangu, kila ninachokiweka hapa, hata video ya bima ya afya, chini yake huulizwa swali lile lile: mwanafunzi asiye na ufadhili amepata wapi pesa za kompyuta ya gemu? Wapo wanaouliza kwa heri, kwa kuwa na wao wanaitamani. Wapo walioshajijibu wenyewe kwamba ninaringa, na mmoja ameandika kwamba wazee wetu wanahangaika na ndoo za maji huku mimi ninachezea pesa Ulaya. Na niliposimulia shida ya kibali changu cha ukaazi, niliambiwa kwamba ninalalamika mno, kama nimeshindwa nirudi nyumbani. Leo basi nitataja bei zote kwa tarakimu, na kila mtu apime mwenyewe.

Kompyuta nzima, pamoja na skrini, kibodi na mausi, imenigharimu yuro 275, nazo kwa kiwango cha siku zile zilikaribia laki nane za Tanzania. Ukizigawa kwa kima cha chini cha mshahara cha Ujerumani cha mwaka 2025, yuro 12.82 kwa saa, unapata saa ishirini na moja na nusu hivi za kazi kabla ya makato. Najua kuna atakayesikia hapo tu na kusema kwamba huku pesa zinaokotwa, kwa hiyo namwomba asikilize na yafuatayo.

Ili upewe viza ya mwanafunzi wa Ujerumani bila ufadhili, njia wanayoipita wengi wetu ni kuweka kwenye akaunti iliyofungiwa fedha za mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiwango chake ni yuro 11,904. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Si zawadi ya serikali ya Ujerumani, kama baadhi yenu mnavyodhani. Ni pesa zako mwenyewe, au za watu wako, ambazo benki inakurudishia yuro 992 kila mwezi na haikupi zaidi hata ukiumwa. Zangu mimi, sehemu ilitokana na mikarafuu ya babu kule Wete, ambayo ndugu zangu waliichuma na kuianika msimu mzima, na sehemu kubwa alitukopesha ami yangu aliyeko Muscat. Deni lile ninalilipa hadi leo, na halinitoki kichwani ninapoingia dukani, hata nikiwa nimeingia kununua mkate.

Katika hizo 992, chumba katika nyumba tunayoishi wanafunzi wanne ni 345, bima ya afya ni 140, chakula ni 200 ikiwa ninapika mwenyewe kila siku, na simu na intaneti ni 25. Ada ya muhula hulipwa mara mbili kwa mwaka, lakini mimi huitengea 52 kila mwezi ili isinikute mikono mitupu. Kuna na mchango wa redio na televisheni ya umma, yuro 18.36 kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo, nao tunaugawana. Ami ninampelekea 100, mama 50. Kinachobaki ni yuro 75 na chenji kidogo, kabla sijaumwa jino na kabla kiatu cha baridi hakijapasuka.

Mtaniuliza, na kazi je? Kazi ninayo, ninapanga mizigo ghalani. Sheria inaturuhusu wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, tangu Machi 2024. Lakini wengi wenu hamjui kwamba kibali kinapokaribia kwisha, unatakiwa uthibitishe upya kwamba utaweza kujikimu kwa kipindi kinachofuata. Mikarafuu ya babu haitatoa milioni 30 nyengine kila mwaka kwa ajili yangu. Kwa hiyo mshahara wa ghalani unakwenda moja kwa moja kwenye akiba ya kibali, na kompyuta nimeitoa katika zile 75.

Hapa nina jambo ambalo lingali linaniuma. Mwaka jana nilipeleka maombi ya kuongeza kibali mapema, karatasi zote zikiwa kamili, na ofisi husika ikakaa kimya hadi kadi yangu ya ukaazi ikaisha muda. Nilipewa karatasi ya muda, na juu yake imeandikwa wazi kwamba kazi inaruhusiwa. Mwajiri wangu hata hivyo aliiona ile karatasi akasema kwamba anasubiri kadi, na akaniondoa kwenye zamu. Akaunti iliyofungiwa nayo ilikuwa imefikia mwisho wa mwaka wake. Nimekaa wiki kadhaa bila kuingiza hata senti, nikiwa na haki ya kufanya kazi mkononi, na pesa nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya kadi ya michoro, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha za gemu, zikaliwa kwenye chakula. Anayeniambia kwamba huko ni kulalamika, mimi nasema kwamba hiyo ni sehemu ya bei ya kompyuta hii, na kuificha kungekuwa kuwadanganya wadogo zetu wanaopanga kuja.

Sasa vifaa. Kompyuta ya gemu inayouzwa tayari dukani, mpya, sikuifikiria hata kidogo. Nilianza na kompyuta ya ofisi iliyotumika. Makampuni ya huku hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na wapo wafanyabiashara wanaozinunua kwa jumla, wanazisafisha na kuziuza. Kuna sababu nyengine iliyotusaidia: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, iliyoifuata, kwa upande wa kampuni ya Intel inakubali rasmi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache tu za nyuma yake. Ofisi nyingi zikatoa mashine zao kwa wakati mmoja. Ukiona mashine ya kizazi cha 6 au cha 7 inauzwa bei ya kutupa, ujue sababu ndiyo hiyo. Mimi nilichukua yenye Core i5-8500, prosesa ya Intel ya kizazi hicho cha 8, ya 2018 na yenye kora sita, ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16 ndani yake na Windows yenye leseni, kwa yuro 110. Niliinunua kwa mfanyabiashara na si kwa mtu binafsi, kwa kuwa mfanyabiashara hawezi kukunyima dhamana ya angalau mwaka mmoja kwa kitu kilichotumika, ilhali mtu binafsi anaruhusiwa kuandika kwamba akishauza hana dhima tena.

Hiyo RAM iliyomo ndani ni jambo la kuzingatiwa sana. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya data vya akili unde. Ukinunua mashine yenye GB 8 ukitarajia kuiongezea baadaye, huenda nyongeza ikakaribia bei ya mashine yenyewe.

Kisha ikaja kadi ya michoro, na hapa ndipo wengi wanaponiandikia wakiwa wameshanunua kitu kisichoingia. Mashine za ofisi mara nyingi zina pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ndogo, yangu ni ya wati 260, na umbo lake ni la kiwanda chenyewe, kwa hiyo huwezi kuichomoa na kuweka ya dukani. Hazina na ule waya wa ziada wa kupeleka umeme kwenye kadi kubwa. Mtaona kadi kama RX 580 zikiuzwa rahisi, nyingi zikiwa zimetoka kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali, waliozitumia kadi hizo kupatia sarafu, kwa kuwa sarafu ya Ethereum iliachana na uchimbaji wa aina ile Septemba 2022 na kadi zikamwagika sokoni. Lakini kadi ile hula wati 185 na inahitaji waya wake. Niliyoichagua mimi ni GTX 1650 ya GB 4, iliyotoka 2019, ambayo haizidi wati 75, na katika matoleo mengi yake umeme wote inaupata kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, bila ya waya. Nimeinunua kwa mtu kwa yuro 75. Na kasha nalo lina neno: ukichukua zile mashine nyembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii, itakubidi utafute ya kimo kifupi, ambayo huwa ghali zaidi. Mimi nilichukua kasha kubwa la kusimama kwa makusudi hayo.

Kadi iliyotumika sinunui kwa kutumiwa kwa posta. Nimekwenda mwenyewe nyumbani kwa muuzaji, nikamwomba aiwashe kwenye mashine yake na tuache gemu iende robo saa huku nikitazama joto na kusikiliza feni. Aliyekataa nilimshukuru na kuondoka. Na akikuambia umlipe kwa PayPal kwa njia ya kutumiana baina ya marafiki, usikubali, maana njia ile haina ulinzi wa mnunuzi. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, ya GB 500 nilinunua mpya kwa 35, skrini ya inchi 24 ya mtumba kwa 40, kibodi na mausi kwa 15. Kila mwezi kitu kimoja au viwili, na mwezi wa kibali sikununua kitu.

Inacheza nini? Mpira, Fortnite na Counter-Strike 2, kwa skrini ya kawaida ya 1080p na mipangilio ya kati, zinakwenda vizuri. Gemu kubwa za miaka hii nazishushia mipangilio hadi chini kabisa, kwa sababu GB 4 za kadi zinajaa haraka, na zipo za karibuni ambazo kadi hii haiziwashi kabisa. Ninasomea uhandisi wa mitambo, na programu za kuchora vipuri zinahitaji kadi, kwa hiyo ningeweza kusimama hapa na kusema kwamba nimeinunua kwa ajili ya masomo tu. Sitasema hivyo. Nacheza, napenda kucheza, na wakati wa baridi jua linapozama saa kumi na nusu za jioni nami sina ndugu wa kukaa naye barazani, gemu na rafiki zangu wa skuli ndiyo barza yangu. Sioni kwamba nimemdhulumu mtu.

Mwenzangu mmoja wa nyumba aliwahi kunituhumu kwamba nawapandishia bili ya umeme, na nilikasirika, lakini nikakaa naye tukapiga hesabu. Mashine ikicheza hula kama wati 150. Saa tatu kwa siku ni kama uniti 13 na nusu kwa mwezi, na kwa senti 35 kwa uniti haifiki yuro 5. Tangu hapo nachangia yuro 5 zaidi kwenye bili, na maneno yameisha.

Mlioko nyumbani, ambao ndio wengi mnaouliza, sisemi kwamba njia hii ni yenu. Bei hizi ni za huku, na sababu zilizozishusha ni za huku. Kompyuta ya mezani haina betri, umeme ukikatika inazimika papo hapo. Pemba tunajua tulikotoka: kabla ya kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 tukitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na Unguja wanakumbuka giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hali sasa si ile, lakini umeme kukatika na kurudi kwa kishindo bado kupo, kwa hiyo bei ya UPS, kifaa chenye betri cha kushikilia umeme unapokatika, iingizeni kwenye hesabu kuanzia siku ya kwanza, si baadaye. Wa karibu na pwani, hewa ya chumvi na unyevu hula chuma cha mazabodi na soketi. Mashine isikae sakafuni wala dirishani. Na gemu nyengine ni GB 100 na zaidi kuzishusha, kwa hiyo anayetumia bando la simu apige hesabu ya bando kabla ya hesabu ya kadi. Kwa maoni yangu, na ni yangu peke yangu, mtu wa Wete au Makunduchi anayesoma bado atafaidika zaidi na laptopu ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha 8 au zaidi, hata kama itamnyima nusu ya gemu anazozitaka. Aliye mjini, mwenye UPS na intaneti ya kudumu, anaweza kuamua vyengine, na sitamwambia kwamba amekosea.

La mwisho ni kwa wanaotaka kunitumia pesa ili niwanunulie huku. Samahanini sana, kaka zangu na dada zangu, sitapokea pesa ya mtu. Dhamana ya mashine iko Ujerumani na haivuki bahari, ikiharibika Chake Chake nitakuwa mimi ndiye niliyekuuzia kibovu, na sanduku langu la safari mama ameshalipangia vyake. Ninachoweza kukifanya ni hiki: umeona mashine au kadi inauzwa Darajani, Mlandege au Kariakoo, nitumie picha ya kibandiko cha pawa saplai, jina la prosesa na vipimo vya kasha, nami nitakuambia kama kadi itaingia na kama umeme wake utatosha. Hilo ninalijibu bure, kwa kawaida Jumapili, siku ambayo sina zamu.