Magadi Yapo, Kostiki Inatoka Ng'ambo

WAIRIMU: Karibuni kipindini, leo tunazungumzia malighafi za sabuni. Jumamosi nimeshinda River Road, hapa Nairobi, na shangazi.

MUTISO: Shangazi wa Kayole? Wa sabuni?

WAIRIMU: Huyo huyo. Ana oda ya shule, sabuni ya maji, na mitungi imeshapangwa mlangoni. Tukafika kwenye duka analonunua siku zote. Ufacid, ile asidi ya kutengenezea sabuni, ipo, bei imepanda. Ungerol, ile ya kuleta povu, ipo, bei imepanda. Kostiki, ile soda kali, hakuna hata kilo. Akauliza kwa nini, akajibiwa neno moja: "Meli."

MUTISO: Na shangazi hakuondoka.

WAIRIMU: Aondoke aende wapi? Alivuta kiti akataka aambiwe ni meli gani na imekwama wapi. Muuza duka hajui, naye anaambiwa tu na aliyemuuzia. Hilo limeniuma, Mutiso. Mama anapika sabuni Kayole, riziki yake inaamuliwa mbali huko, na hakuna anayemweleza. Kwa hiyo nimeandika mambo matano ambayo mtengenezaji mdogo ayajue kabla hajatoa pesa.

MUTISO: Matano. Haya, anza.

WAIRIMU: La kwanza, ujue mzizi wa kitu unachonunua. Ufacid mzizi wake ni mafuta ghafi. Kwenye viwanda vya kusafisha mafuta wanachukua sehemu ya mafuta taa, wanaiunganisha na benzini, kisha wanaipitisha kwenye gesi ya salfa, inatoka ile asidi nzito ya kahawia. Ungerol mara nyingi huanzia kwenye mafuta ya kokwa za mawese au ya nazi. Kwa hiyo mafuta ghafi yakipanda bei, moja inapanda. Mashamba ya Indonesia na Malaysia yakiyumba, nyingine inapanda. Na sabuni ya kipande ndiyo inayoumia zaidi na mawese. Mnakumbuka 2022, Indonesia ilipofunga mauzo ya mafuta ya mawese kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei?

MUTISO: Na ongeza dola. Mwanzo wa 2024 dola moja ilifika shilingi 160 na zaidi. Meli hata ikija kwa wakati, ukilipia kwa shilingi hizo umeumia. Halafu Bahari ya Shamu. Tangu mwisho wa 2023 meli ziliposhambuliwa, shehena ya Ulaya iliyozoea kupita Suez ikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Siku zaidi baharini, mafuta zaidi, bima zaidi, na yote yanaishia kwenye bei ya mtungi.

WAIRIMU: Sasa sikia. Muuza duka akamwambia, "Mama, kostiki ikikosekana tumia magadi."

MUTISO: Kwa Ufacid? Amesema kweli. Ile ni asidi, inataka kitu cha kuipoza, na magadi yanaweza. Ila ayatie kidogokidogo kwenye chombo kikubwa, maana yanatoa gesi na povu linapanda mpaka sakafuni. Kwa sabuni ya kipande hapo hapana. Mafuta yenyewe yanataka kostiki.

WAIRIMU: Shangazi akacheka. Akasema, "Magadi? Haya ninayotia kwenye maharage?"

MUTISO: Haya haya! Mama yangu kule Wote hapiki isyo, yaani githeri, bila magadi. Maharage ya mwaka jana yaliyokauka kama kokoto, anatia kijiko kidogo, moto wa kuni nusu unabaki.

WAIRIMU: Najua unakoelekea.

MUTISO: Sielekei popote, naeleza kemia. Ganda la harage limeshikwa na pektini, na pektini imeshikwa na kalsiamu. Magadi yanaiondoa ile kalsiamu na kuilegeza pektini. Ndiyo maana yanaiva haraka.

WAIRIMU: Na vitamini B1 inakwenda na maji.

MUTISO: Inapungua, ndiyo.

WAIRIMU: Inaharibika, Mutiso. Na floraidi je? Magadi yanayochimbwa ziwani yana floraidi nyingi. Hapa Nairobi visima vingi navyo vina floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri. Mtoto anayekunywa maji ya kisima na kula maharage ya magadi kila siku, meno yake yanaota na madoa ya kahawia. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika.

MUTISO: Kuloweka mama analoweka. Lakini mkaa nani anaulipia? Mtu wa Mukuru ananunua mkaa kwa mkebe. Ukimwambia aache magadi, umemwambia anunue mkebe wa pili.

WAIRIMU: Nunueni maharage mapya basi.

MUTISO: Mapya ni ya msimu! Leo sokoni Marikiti ukiuliza utaambiwa yote ni mapya.

WAIRIMU: Mnasikia? Tulipanga malighafi, tumefika Marikiti. Kipindi cha saruji kiliishia kwenye maharage, kipindi cha rangi pia.

MUTISO: Kwa sababu watu wanakula. Muulize shangazi anapikaje.

WAIRIMU: Shangazi aliuliza swali kubwa kuliko hilo, na ndilo nililokuja nalo. "Magadi ni yetu, yako hapo Kajiado. Kostiki inatokaje ng'ambo?"

MUTISO: Swali zuri.

WAIRIMU: Kampuni ya kuchimba pale Ziwa Magadi ilianzishwa 1911. Reli ilitolewa Konza mpaka ziwani kwa ajili ya mzigo huo. Tangu 2005 iko mikononi mwa Tata ya India. Wanachimba magadi ghafi, wanayachoma kwenye tanuri, mengi yanapelekwa Mombasa na kuingia melini. Halafu meli nyingine inatuletea kostiki. Na magadi ukiyachemsha na chokaa unapata kostiki. Mawe ya chokaa yamejaa Kajiado hiyo hiyo. Mimi nasema tutengeneze hapa.

MUTISO: Nimefanya kazi Eneo la Viwanda, Wairimu, na nasema hailipi. Njia hiyo ya chokaa inakupa kostiki nyepesi, asilimia 10 hadi 12. Kuikausha ifike kiwango cha kuuza unachemsha maji mengi mno. Moto huo unatoka wapi? Mafuta mazito, nayo yanakuja na meli. Ndiyo maana karibu dunia nzima inapitisha umeme kwenye maji ya chumvi.

WAIRIMU: Chumvi tunayo. Gongoni na Marereni, kule pwani.

MUTISO: Na umeme wa bei gani? Halafu kila tani 1.1 ya kostiki inatoka pamoja na tani ya klorini. Utaipeleka wapi? Ni gesi ya sumu.

WAIRIMU: Maji ya miji yatibiwe nayo! Jiki itengenezwe! Na kwa chokaa klorini haipo kabisa. Shangazi hahitaji hata kostiki kavu, anaitia kwenye maji. Muuzie ile nyepesi, kwa pipa, hapa hapa Nairobi.

MUTISO: Nauli ya kusafirisha maji asilimia 88?

WAIRIMU: Kutoka Kajiado, Mutiso! Si kutoka China!

MUTISO: Bei yake itazidi ya China, na shangazi mwenyewe ataikimbia. Bora magadi yauzwe nje yalete dola, na serikali ihakikishe akiba ya kostiki ipo bohari, Embakasi.

WAIRIMU: Akiba ya kitu cha kigeni.

MUTISO: Akiba iliyopo inashinda kiwanda kisichojengwa.

WAIRIMU: Hakitajengwa milele kama kila fundi wetu anasema hailipi kabla ya mtu kupiga hesabu ya pipa la shangazi.

MUTISO: Nimeipiga.

WAIRIMU: Umepiga ya kiwanda kikubwa.

MUTISO: Kidogo ni ghali zaidi!

WAIRIMU: Nakataa.

MUTISO: Nami nakataa. Muda?

WAIRIMU: Dakika mbili. Na nimesoma jambo moja kati ya matano.

MUTISO: Yaliyobaki tuyaache, tutayakimbiza bure. Lakini kuna akina mama wataipata kostiki leo baada ya kuikosa, na watakuwa na haraka. Tia kostiki kwenye maji. Usitie maji kwenye kostiki. Inachemka ghafla inakurukia usoni.

WAIRIMU: Maji baridi, ndoo ya plastiki ngumu. Sufuria ya alumini usiiguse, inaliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Na mtoto asiwe karibu.

MUTISO: Na glavu.

WAIRIMU: Na glavu. Tukutane Alhamisi.